Jiwe Mahali pa Kamera

Unywele wa kwanza Alphonsine aliukuta kwa midomo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa, maana katika kazi yake upepo ni adui. Alikuwa ameketi mbele ya meza nyeupe katika chumba cha nyuma cha nyumba yao pale Kalemie, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, anafungua kesoni. Kesoni ni sanduku la aluminiamu ambalo kamera huvalishwa ili iende chini ya maji. Mbele lina kioo cha duara, nyuma lina mlango, na baina ya mlango na sanduku kuna mpira mweusi, mwembamba kama tambi, na mpira huo peke yake ndio unaolizuia ziwa zima lisiingie. Mradi wa kupiga picha samaki wa Tanganyika ulikuwa na kesoni tatu. Zote zilipita mikononi mwa Alphonsine kila ziliporudi kutoka majini. Alizisuuza, akazichokoa mchanga kwa kijiti, akautoa mpira, akaufuta, akaupaka grisi kidogo sana, akaurudisha kwenye mfereji wake.

Lakini kabla ya kuurudisha, aliupitisha midomoni.

Hakuna aliyemfundisha. Miaka kumi ya kutengeneza simu sokoni, miaka kumi ya moto wa kulehemu, ilikuwa imevitia vidole vyake ganzi. Midomo ilibaki hai. Basi alifumba macho, akauvuta mpira polepole katikati ya midomo, duara nzima, na midomo ikamwambia: hapa kuna punje ya mchanga, hapa kuna mkwaruzo, hapa kuna uzi wa kitambaa. Unywele mmoja tu uliolala juu ya mpira unatosha kuingiza maji. Katika miaka mitatu hakuna kamera hata moja iliyokufa mikononi mwake.

Asubuhi ile midomo ikamwambia: unywele. Akaushika kwa kucha akauvuta, ukaja, ukaendelea kuja. Ulikuwa mrefu kama mkono wake, hauna rangi, umelowa, na ulikuwa na ladha ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliosahauliwa kwenye gunia msimu wa mvua. Alitema mate kwenye kopo. Akatema tena. Nyumbani hakuna mtu mwenye nywele za namna ile: yeye amesuka mistari, mdogo wake Christiane amenyoa, na mwanawe Joël, wa miezi saba, kichwa chake bado ni manyoya ya kifaranga.

Kesoni ile ilikuwa imetoka kwenye majaribio. Mpira ukibadilishwa, hawathubutu kuweka kamera siku ya kwanza. Sanduku hushushwa mita ishirini likiwa na karatasi kavu ndani, na mahali pa kamera huwekwa kitu kizito, kwa sababu sanduku tupu huelea. Likipanda na karatasi imekauka, kazi ni nzuri. Siku zote uzito ule ulikuwa pande la chuma. Leo ndani ya kesoni kulikuwa na jiwe, laini, la mviringo, la kijivu.

Aliliweka pembeni, akaichukua karatasi. Ilikuwa kavu kabisa, isipokuwa katikati. Katikati palikuwa na alama ya mdomo. Mdomo mnene, uliovimba, uliofunguka, na kila mkunjo wa ngozi yake umechorwa kwa unyevu wenye utelezi.

"Mama Joël!" Symphorien aliingia akicheka kabla hajaona cha kuchekea. Alikuwa mzamiaji wa mradi, mtu wa kaskazini, kutoka pwani za Fizi, mwenye kifua kama pipa. "Vipi? Kavu?"

"Yaya Symphorien," Alphonsine alisema, akimwita kaka kama watu wa kule, "angalia."

Akaangalia. "Eh! Ni weye ulibusu karatasi mbele ya kufunga. Papa Joël iko Nyunzu na reli yake, sasa unabusu makaratasi."

"Usifanye mchezo. Na ile chuma iko wapi?"

"Ilinianguka ku maji wiki ile. Nikaweka jiwe, si uzito ni uzito tu?"

"Linanuka. Litoshe humu, lipeleke inje."

Symphorien alilibeba jiwe chini ya kwapa kama mkate. Jioni, akielekea Mpala kwa boti ya mradi, alilitupa kwenye kina, akanawa mikono, akasahau.

Alphonsine hakusahau, kwa sababu ladha haikutoka. Alipiga mswaki kwa chumvi, akatafuna tangawizi, akala muhogo mkavu ili uikwangue. Ladha ilishuka kidogo, ikasubiri nyuma ya ulimi, ikapanda tena. Asubuhi ya pili alikuta utando mweupe kwenye ufizi. Akaukwangua kwa ukucha, ukatoka kama ngozi ya maziwa, ukarudi kabla ya adhuhuri. Mkebe wa grisi, uliokuwa mweupe na safi, ulikuwa umegeuka njano, na alipochovya kidole grisi ilikiacha shingo upande, ikajivuta kwa nyuzi, kama kamasi. Aliutupa chooni. Mkebe mpya alioufungua ulikuwa hivyohivyo.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, akiwa amejifungia na kesoni ileile, alisikia mnyonyo.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mate na ulimi, sauti anayoijua kila mama aliyewahi kunyonyesha: tyu, tyu, kimya kidogo, tyu. Matiti yake yaliisikia kabla yake, maziwa yakalowesha blauzi. Alifikiri Joël ameamka. Akafungua mlango. Uani, Christiane alikuwa anafua, na Joël amelala mgongoni mwake, mdomo wazi, anakoroma kwa mafua yaliyomwanza jana. Alphonsine akarudi ndani, akasimama katikati ya chumba bila kupumua, na sauti ikaendelea, tyu, tyu, nayo ilitoka mezani, ndani ya kesoni iliyofungwa vibano vyote viwili, na alipoinama kuchungulia kwenye kioo aliona kwa ndani kimepakwa ute, duara juu ya duara, kama dirisha ambalo mtoto amelilamba kutwa nzima akitamani kilichoko nje.

Akafunika kesoni kwa beseni. Akatapika.

Jioni ile Joël alizidiwa. Kamasi zilimjaa, akawa hawezi kunyonya. Kila akishika ziwa anakosa pumzi, anaachia, analia, anashika tena. Alphonsine akafanya anachofanya kila mama wa kule: alimlaza mapajani, akakiinua kichwa chake, akaweka midomo juu ya kipua kile kidogo chenye moto, tayari kumnyonya kamasi na kuzitema.

Hapo kitu kikasogea ndani ya kinywa chake.

Hakikuwa ulimi. Ulimi wake ulikuwa umelala chini, umeganda kwa hofu. Kilitoka nyuma, mahali ladha ilipokuwa ikijificha, kikapita juu ya ulimi kama konokono anavyopita juu ya jiwe, laini, baridi, bila haraka, kikafika kwenye meno, kikaanza kuyapapasa moja baada ya jingine kikitafuta pengo, na mbele ya meno yale hapakuwa na kitu ila pua ya mwanawe iliyo wazi.

Alijirusha nyuma mpaka kichwa kikagonga ukuta.

"Christiane! Chukua mutoto! Mutowe mbele yangu!"

"Yaya, iko nini?"

"Mufyonze weye. Mufyonze pua weye, Christiane. Mimi nisimuguse na mudomo. Hata kidogo. Hata nikikuomba. Umesikia? Hata nikilia nikikuomba, usikubali."

Christiane aliinama mbele yake. Alimchukua mtoto, akamfyonza, akatema uani. Joël akapumua. Alphonsine alikaa pembeni ya ukuta, ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Kulipokucha alimtuma mtu amwite Symphorien, na wote wawili wakapanda mlima kwa Mama Consolate.

Mama Consolate alikuwa anaosha maiti hospitalini. Kazi hiyo ilikuwa imempa kucha fupi sana na sauti isiyobembeleza mtu. Watu wenye matatizo ya ziwa, yale ambayo daktari huyatazama na kuandika malaria, walikwenda kwake. Walimkuta anakula muhindi wa kuchoma. Hakuuweka chini.

"Fungua kinywa. Mupana. Hauko mbele ya padri."

Alphonsine akafungua. Mama Consolate akanusa kwa karibu, kama anayenusa chungu kujua mboga imechacha.

"Aa. Hii si maiti. Maiti inaoza, inamaliza. Hii inaoza na haimalize." Akang'ata muhindi. "Mulishika nini?"

Alphonsine alieleza yote, tangu unywele hadi pua ya mtoto. Alipofika kwenye jiwe, Mama Consolate aliacha kutafuna, akamgeukia mzamiaji.

"Jiwe ulitosha wapi, papa?"

"Kule chini, pale ziwa ilipanda ikakula makaburi," Symphorien alisema. "Mawe imelala pale ovyo ovyo. Nikapima kwa mukono, nikaona hili njo sawa na kamera."

"Lilikuwa na kitambaa?"

Symphorien akaonyesha kwa vidole. "Kipande kidogo. Cheupe. Nilikitosha."

"Ulikitosha," Mama Consolate alirudia. "Muvulana wa Fizi, mukubwa hivi, hujui watu wa hapa wanazika nini?"

"Mama, kwetu tunazika watu."

"Hapa pia. Lakini muntu akizama asionekane, jamaa wanazika jiwe. Wanaliosha kama mimi ninavyoosha, wanalivisha sanda, wanaliambia: ni weye sasa, lala. Muntu mwenyewe amelala ku maji, hana neno. Lakini jina limeitwa, na mwili hakuna. Jini wa ziwa akipita anakuta jina wazi, anaingia. Jiwe lilimufaa, alikuwa anasinzia. Halafu weye ukamushusha mu nyumba kavu, yenye mulango na dirisha. Akaonja ukavu. Na wa kwanza kumufungulia..." Akamtazama Alphonsine, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua ukali. "Wa kwanza alimupokea kwa midomo. Sasa anatembea kati ya sanduku na kinywa chako."

"Anataka nini kwangu, mama?"

"Kwako? Hapana kitu. Weye ni barabara tu. Mwili wako uko na mwenyewe. Anataka mudogo, mupya, ambao haujajaa."

Alphonsine hakulia. Alishika ukingo wa kiti.

"Muniletee lile jiwe," Mama Consolate alisema, "tutamaliza leo."

Symphorien alitazama miguu yake mikubwa. "Nililitupa ku kina. Mita mia moja, labda zaidi."

Mama yule akautupa muhindi. "Basi kaburi lake itakuwa ile sanduku yenu."

Alijua jiwe lile ni la nani, kwa sababu katika makaburi yale lilizikwa jiwe moja tu, na ndiye aliyeliosha. Katika mtumbwi uliozama miaka sita iliyopita, mtu mmoja hakuonekana: Doudou, mchuuzi wa samaki, mume wa Daniella. Wakaenda kumchukua Daniella sokoni, katikati ya mafungu yake ya samaki, mikebuka. Alisikiliza amesimama, mikono ina magamba mpaka kwenye viwiko, akauliza swali moja tu.

"Ni yeye?"

"Si yeye. Amevaa jina lake."

"Basi nitamuvua," Daniella alisema, akavua kwanza aproni yake.

Christiane alimpeleka Joël ng'ambo ya barabara. Ndani wakabaki wanne, madirisha yamefungwa, joto la saa tano limetanda juu ya paa la bati. Alphonsine akaiandaa kesoni kama hajawahi kuandaa nyingine. Aliiosha mara saba, akaikausha mpaka kwenye pembe za mwisho, akachukua mpira mpya kutoka kwenye mfuko uliofungwa kiwandani. Akaufuta. Kisha, kwa mazoea ya miaka mitatu, akaupeleka midomoni.

Mama Consolate akamdaka mkono. "Midomo hiyo si yako leo."

"Mama, vidole vyangu havisikie. Nisipopitisha mu midomo, sitajua kama iko safi."

"Utapitisha vidole."

Akapitisha vidole. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Vilimwambia kila kitu kiko sawa, na hakuviamini.

Mama Consolate alimsuuza kinywa kwa maji anayooshea wafu, yenye majivu na chumvi, akamwinamisha juu ya kesoni iliyofunguliwa, akamshika paji la uso. Kisha akampa ishara Daniella. Mjane alisogea karibu na sikio la Alphonsine, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mke anayemwamsha mume:

"Doudou. Nyumba iko tayari. Iko kavu. Iko na dirisha. Toka, Doudou, uingie kwako."

Hakuna kilichotokea. Nje pikipiki ilipita.

"Doudou," Daniella akasema tena, na safari hii sauti ilivunjika. "Nilikuzika vibaya. Njoo nikuzike muzuri."

Koo la Alphonsine likavimba kama la chura, macho yakamtoka, na kitu kikaanza kupanda, kwanza nywele, shungi zima la nywele zisizo na rangi zilizotangulia kama mizizi na kumwagika juu ya midomo yake zikidondosha ute wa njano, kisha ile harufu, si ya ndagala tena bali ya ndani ya ndagala, ya utumbo na nyongo na tope lisilowahi kuona jua, kisha uzito wenyewe, laini, wa mafuta, mrefu kuliko koo lolote linavyoweza kubeba, ukiteleza juu ya ulimi wake na kila hatua ukinyonya, tyu, tyu, ukinyonya meno, ukinyonya ufizi, ukinyonya pembe za midomo yake kama usiotaka kuacha hata tone la joto lake, huku Mama Consolate akizikusanya nywele kwa mikono mitupu na kuzivuta kama mvuvi avutavyo wavu, na Symphorien, mtu wa kifua cha pipa, amegeukia ukuta akitapika na kuomba Mungu kwa Kibembe, hadi kikaanguka ndani ya kesoni kwa kishindo cha nyama mbichi.

"Funga!"

Alphonsine akafunga. Mlango ukakaa juu ya mpira, kibano cha kwanza kikalia, kibano cha pili kikalia. Kwenye kioo cha mbele, kutoka ndani, midomo ikajibandika. Minene, iliyovimba, haina meno. Ikaanza kunyonya kioo.

Waliifunga sanda. Waliizika siku ileile mlimani, mbali na maji, na Daniella alilia kilio ambacho hakuwa amekilia miaka sita. Symphorien aliuambia mradi kwamba kesoni ilimponyoka kwenye kina. Alikubali lawama zote, na tangu siku ile hakuokota tena jiwe lolote katika pwani ile.

Walipokuwa wanashuka mlima Alphonsine alimvuta Mama Consolate pembeni.

"Imetoka yote?"

Mama Consolate alikuwa anachokoa kitu chini ya kucha zake fupi. "Ulisikia imetoka?"

"Nilisikia imetoka nyingi."

"Mimi naosha wafu, mwanangu. Wale wananionyesha kila kitu. Mu kinywa cha muzima siwezi kuona mpaka chini." Akamshika bega. "Ladha iko?"

"Haiko."

"Basi mushukuru Mungu. Na mutoto... ungojee kwanza."

"Nangojea mpaka lini?"

Mama Consolate aliendelea kushuka.

Sasa Joël ana miaka mitatu na nusu. Ni mtoto mnene, mwenye kelele, mwenye mafua kila msimu wa mvua, na kila msimu wa mvua ni Christiane anayemfyonza pua. Mama yake anamlisha kwa kijiko, anamwogesha, anambeba, anamwimbia, lakini tangu siku ile hajambusu. Majirani wanasema Alphonsine ana moyo mkavu. Mume wake aliuliza mara moja, akaelezwa, hakuuliza tena. Yeye mwenyewe hula vizuri, hulala vizuri, na ladha ile haijarudi hata siku moja, na mara nyingine, akimtazama mtoto akicheza, hujiambia kwamba miaka mitatu inatosha, kwamba yeye ni mjinga, kwamba mapenzi yote hayo ameyafungia bure.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Joël alimpanda mapajani akiwa na sukari ya beenye, yale maandazi ya kukaanga, kwenye mashavu, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akasogeza midomo yake midogo. Alphonsine alimtazama. Alikuwa amechoka kukataa. Akamwinamia, karibu, karibu zaidi, mpaka akaisikia pumzi yake ya moto.

Nyuma ya meno yake, kitu kikaamka, kikajinyoosha, kikasogea mbele.

Akageuza shavu, akafunga mdomo kwa nguvu, na mtoto akalibusu shavu lile kwa furaha, huku yeye akimeza, akimeza, akimeza.